Mavazi ya Michezo: Tuyachome au Tuyafunze?



Limezuka jambo miongoni mwa vijana wetu ambalo wazazi wengi wanaliuliza, na wengi wanalijibu kabla ya kulitazama. Kijana hupenda mtu fulani aliyemwona katika michezo ya vidio, ile wanayoiita gemu, kisha huketi siku nyingi akikata, akishona, akigundisha na kupaka rangi, mpaka apate vazi la mtu yule pamoja na silaha zake za bandia. Halafu hulivaa, akatazamwa na wenzake na kupigwa picha. Kazi hiyo ina jina lake la kigeni, vijana husema kosplei. Mzazi akiona hayo husema moja katika mawili: ama "huu ni upuuzi wa watoto, uache," ama "huu ni ukafiri, uchome." Mimi naona majibu yote mawili yana haraka ndani yake, na haraka haina baraka. Kazi ya mkono hupimwa kwanza kwa macho, kisha kwa akili, kisha kwa sharia. Basi na tuipime.

ASILI YA JAMBO HILI

Usidhani kwamba mambo haya yameanza jana. Mwaka 1939, katika mji wa New York, wapenzi wa hadithi za mambo yajayo walikutana, na wawili katika wao walikuja wamevaa mavazi ya zama zisizokuwapo bado. Mmoja alikuwa Forrest Ackerman na wa pili Myrtle Douglas, na mavazi yote mawili aliyashona huyo mwanamke. Miaka ya 1980 Wajapani wakalipa jambo hilo jina linalotumika leo, na sasa hata Nairobi vijana hukutana wakaonyeshana mavazi waliyoyatengeneza.

Vifaa vyake navyo ni vya kawaida mno. Sponji ngumu inayotumiwa kutengenezea deraya za bandia ni jinsi ile ile ya sponji ya kandambili tunazovaa chooni. Huipasha moto ikalainika, wakaikunja ikashika umbo la bega au la kifua, kisha ikipoa hubaki vivyo hivyo. Ili kupata kipimo, huuzungushia mwili karatasi ya plastiki na utepe wa gundi, wakachora mistari juu yake, wakaukata, na vipande vile wakavilaza juu ya sponji kama fundi cherehani alazavyo karatasi yake juu ya kitambaa. Asiyejua hesabu ya vipimo hafiki popote katika kazi hii.

KARAGWE SI NCHI YA JANA

Nayasema haya kwa sababu vazi ninalotaka kulizungumza nililiona mkoani Kagera, katika wilaya ya Kyerwa, iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wako watu wa pwani wanaodhani kwamba huko bara ya mbali hakuna ila migomba na kahawa, na kwamba kijana wa huko akishika mkasi basi amewaiga watu wa miji. Hiyo si kweli. Karagwe ilikuwa ufalme, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Wanyambo, wenyeji wa nchi hiyo, husimulia kwamba mfalme wao Ndagara alikuwa na sifa ya uhunzi, na nyundo ya mfua chuma ilikuwa katika alama za enzi kama vile taji lilivyo kwa wengine. Mwanawe Rumanyika ndiye aliyempokea Speke mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876. Huyo Stanley ameandika kwamba alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, na ndani yake mlikuwa na mabata ya shaba nyeupe yenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa.

Tazama, msomaji. Bata wa shaba si wa kuliwa, wala ng'ombe asiye na kichwa si wa kukamuliwa. Ni vitu vilivyofanywa kwa ustadi ili vitazamwe na kubeba maana: heshima, enzi, hadithi ya ukoo. Basi kutengeneza kwa mkono kitu cha kubeba hadithi ni kazi ya zamani katika nchi ile, kabla ya kompyuta na kabla ya umeme.

Na sisi watu wa pwani si wageni huko. Karibu na Bweranyange palikuwa na kituo cha Kafuro, walipokaa Waarabu na Waswahili wa biashara, na Stanley alimkuta hapo Hamed bin Ibrahim. Kanzu na nguo ya pamba zilifika Karagwe kwa mikono ya watu kama hao, kwa watu waliokuwa wakivaa ngozi na nguo za gome la mti, gome ambalo Waganda huliita lubugo na hulipigapiga kwa nyundo za mti mpaka likawa laini kama kitambaa. Shika neno hili la kanzu, maana tutalirudia.

VAZI LENYEWE

Kijana niliyemwona ni wa miaka kumi na saba, mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Jina lake si la kutajwa hapa. Alikuwa ametengeneza vazi la mtu aitwaye Altaïr, katika mchezo uitwao Assassin's Creed, yaani Itikadi ya Wauaji, uliotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft, kazi yake ikafanywa Montréal, nchini Kanada. Hadithi yake imewekwa katika mwaka 1191, zama za Salahuddin na vita vya msalaba, na mchezaji huzunguka Damascus, Akka na Baitul Maqdis. Altaïr huvaa vazi jeupe lenye kofia iliyoshonwa pamoja nalo, ncha yake ikashuka juu ya paji la uso kama mdomo wa ndege. Kiunoni ana mshipi mwekundu na ukanda mpana wa ngozi. Mkono wa kushoto ana kisu kilichofichwa ndani ya kikuku, kinachofyatuka.

Sasa na tuseme juu ya kazi kama inavyosemwa juu ya kazi. Joho lilishonwa kwa shuka jeupe la kitanda, kwa sindano ya mkono. Pindo za chini zilikuwa sawa, lakini mabega yalivuta, kwa sababu kijana aliyakata kwa kufuata picha wala hakuyakata kwa kufuata mwili. Picha haiinui mkono, mwili huinua. Ukanda wa ngozi aliutengeneza kwa mpira wa tairi, kama ule wa katambuga, akauchonga kwa kisu cha fundi viatu na kuung'arisha kwa mafuta. Huo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Vikuku alivifanya kwa kadibodi ndani na gome la mti juu, na lile gome likatoa rangi na mikunjo ambayo hakuna rangi ya dukani ingaliweza kuitoa. Kisu kilikuwa cha kadibodi iliyovishwa karatasi ya fedha, kikivutwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Kilifyatuka mara mbili, mara ya tatu kikakwama.

Hukumu yangu juu ya ustadi ni hii. Mahali alipotaka kufanana na picha tu, kazi yake ilikuwa dhaifu. Mahali alipokosa kitu kilichotakiwa akalazimika kufikiri kwa vitu vya nchi yake, yaani tairi, gome na mpira wa baiskeli, kazi yake ilikuwa ya fundi. Na hilo ni funzo kwa kila anayeiga, si kwa kijana huyu peke yake.

KAZI YA MKONO KATIKA DINI

Asije mtu akasema kwamba kutengeneza deraya na silaha ni jambo lisilomhusu mcha Mungu. Katika Suratu Sabai, aya ya 10 na ya 11, Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamwamrisha atengeneze deraya kamili na apime sawasawa viungo vyake. Zingatia amri hiyo ya kupima. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hapana chakula bora kuliko kile ambacho mtu amekipata kwa kazi ya mkono wake, akamtolea mfano huyo huyo Nabii Daud.

Utasema: "Hiyo ni deraya ya kweli, hii ni ya mchezo." Vyema. Basi kumbuka hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) aliyoipokea Abu Dawud. Mtume (s.a.w.) aliona katika vitu vyake vya kuchezea farasi mwenye mabawa mawili ya viraka. Akamuuliza habari ya farasi mwenye mabawa, naye akamjibu kwamba imesikika kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya mpaka wa ruhusa hiyo, na wengi wameihusisha na watoto. Lakini hapana anayeweza kukanusha kwamba palikuwa na kitu cha kubuni, kilichotengenezwa kwa viraka, na jawabu lake lilikuwa kicheko, halikuwa moto.

Na kumbuka Wahabeshi waliocheza kwa ngao na mikuki msikitini Madina. Umar (r.a.) aliokota vijiwe awatupie, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Umar alikuwa na ghera ya dini, na ghera ni jambo jema, lakini hata ghera ya Umar ilihitaji kuzuiwa pale ilipotangulia mahali pake.

UBAYA ULIOMO

Je, basi tuseme kila kitu ni sawa? Hasha. Wapo wanaosifu ustadi wakasahau maana, na hao nao wamekosa nusu ya kazi ya mtazamaji.

Tuanze na jina. Mtu huyo anaitwa Altaïr Ibn-La'Ahad. Neno la kwanza ni la Kiarabu, maana yake ni chenye kuruka, yaani ndege, na ndiyo sababu ya ile kofia yenye mdomo. Hilo ni zuri. Lakini la pili maana yake ni "mwana wa asiye mtu," na hakuna Mwarabu aliyemwita mwanawe hivyo. Sisi tumeamrishwa katika Suratul Ahzab tuwaite watu kwa baba zao. Watunzi wa mchezo walitaka mtu mwenye sura ya Kiarabu na asiye na ukoo, asiye na swala, asiye na mji wa kurejea. Wakachukua kanzu yetu, jina letu na misikiti yetu kuwa mandhari, wakaacha nje kilichokuwa kikiwakalisha watu wa nguo hizo pamoja. Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wazee.

Pili ni itikadi yenyewe. Kauli ya kundi la Altaïr inakanusha kuwapo kwa ukweli na kuondoa mpaka wa halali na haramu. Kauli hiyo Mwislamu haiwezi kuivaa hata kwa mchezo bila ya kujua anavaa nini.

Tatu ni kidole. Katika mchezo ule Altaïr amekatwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto ili kisu kipate kupita, na wanaomwiga hukunja kidole hicho wakakificha. Nilimtazama kijana akifanya hivyo. Mtoto aliyepewa na Mola wake vidole kumi, na vyote kumi vikafanya kazi ile nzuri ya tairi na gome, anakificha kimoja ili afanane na muuaji! Nilimwambia hivyo, akatabasamu, lakini akakikunjua.

Na tuseme haki, kwa kuwa haki husemwa hata kwa usiyempenda. Nilimtaka kijana anisimulie hadithi mpaka mwisho, akanisimulia vizuri. Altaïr anaanza akiwa na kiburi, anavunja amri za kundi lake, mojawapo ikiwa ni kutomwaga damu ya asiye na hatia. Anavuliwa cheo, anatumwa kuwaua watu tisa, na mwisho anagundua kwamba mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyekuwa akimhadaa. Basi ndani ya hadithi mna onyo juu ya kumtii mtu bila kufikiri. Lakini onyo hilo linafikiwa kwa kuua watu tisa, na vidole vya mchezaji ndivyo vinavyoua. Msikilizaji wa hadithi husikia kosa la mwingine, lakini mchezaji hulitenda kwa kubonyeza. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mzazi anapaswa kuijua.

SILAHA ZA BANDIA MPAKANI

Rafiki wa kijana huyo alikuwa amechonga bunduki ya mti, akaipaka rangi nyeusi. Kwa mbali ilikuwa bunduki kweli. Hapo ndipo nilipokunja uso.

Ufundi wa bunduki za bandia si haramu kwa kuwa ni ufundi. Kule Wakaliga, mjini Kampala, Isaac Nabwana na wenzake wamefanya filamu zilizojulikana duniani, kama ile ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, na fundi wao Dauda Bisaso hutengeneza bunduki, na hata umbo la helikopta, kwa vyuma chakavu. Kama ustadi, ni wa kuheshimiwa, kwa kuwa wamekataa kusema "hatuna vifaa." Kama maana, nasikitika kwamba kifo kimefanywa cha kuchekesha mno. Lakini hao hufanya kazi yao mbele ya kamera, na wanaowazunguka wanajua.

Karagwe na Kyerwa ni nchi za mpakani. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wakayajua maana ya bunduki kabla ya watoto hawa kuzaliwa. Mwaka 1994 walimiminika Karagwe na Ngara wakimbizi wa Rwanda, wakakaa makambini mpaka mwisho wa mwaka 1996. Mzee aliyeyaona hayo, akikutana na kijana njiani jioni ameshika kitu cheusi chenye mtutu, hatajua kwamba ni mti. Askari wa doria naye hatajua. Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu asimtishe Mwislamu mwenzake. Na katika hadithi ya Muslim, anayemwelekezea nduguye chuma hulaaniwa na malaika, ingawa ni ndugu yake wa baba na mama. Basi bunduki ile nilisema ivunjwe, na kijana aliivunja mwenyewe. Hiyo si chuki ya sanaa, bali ni kuhifadhi roho.

SHAURI LA BABA

Baba wa kijana yule wa joho alinijia baada ya Alasiri, akaniambia, "Sheikh, nilikwisha tayarisha mafuta ya taa. Nilichome au nisilichome?"

Nilimuuliza, "Bwana, mwanao ameacha swala kwa ajili yake?"

Akasema, "Hapana. Ila usiku halali, anashona."

"Ameiba pesa ya kununulia vitu?"

"Hapana. Ni tairi bovu na shuka la mama yake."

"Basi utakachokichoma si ukafiri," nilimwambia, "ni miezi miwili ya subira ya mwanao. Na akiona subira yake imekuwa majivu, hatakuletea tena kazi yake uione. Ataificha, kama kile kisu."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na lile jina?"

"Jina tutalivua, nguo ibaki."

Na ndivyo ninavyokuambia wewe, msomaji, uliye Mombasa au Tanga, Lamu au Unguja, ambaye mwanao naye ana mkasi na gundi chumbani. Tazama mambo haya kabla hujanena. La kwanza, sitara: nguo isitiri, mwanamume asivae ya mwanamke wala mwanamke ya mwanamume. La pili, itikadi: asivae alama ya mungu wa uongo wala ya ibada ya wengine, hata kwa mzaha. La tatu, silaha: isifanane na ya kweli kiasi cha kutisha watu. La nne, mali na wakati: pasiwe na israfu, wala swala isipite. La tano, ambalo wengi hulisahau, muulize akusimulie hadithi ya mtu anayemwiga. Asiyejua hadithi amevaa asichokijua, na anayeijua umepata mlango wa kuzungumza naye.

Kisha mpe kazi nyingine kubwa kuliko ile. Kijana aliyeweza kulifanya tairi likawa kama ngozi, mwambie akutengenezee joho la watu wa Kafuro na jambia la mti la kiunoni, au nyundo ya Ndagara kwa kadibodi, aeleze shuleni ilikuwa ya nini. Ametoka Kyerwa akapita Montréal ili aipate kanzu ambayo wazee wa pwani waliifikisha mlangoni kwao zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita! Kosa hilo si lake. Ni letu sisi tuliokuwa na hadithi hatukuisimulia, tuliokuwa na joho tukalifungia sandukuni mpaka likaliwa na nondo, kisha tukakasirika watoto walipoliona kwa wengine wakalipenda.

Mkono wa mtoto ukitaka kutengeneza, hauzuiliki. Utatengeneza tu. Lililo juu yetu ni kuwa karibu wakati unapotengeneza, tuseme hapa umekata vizuri na hapa umekata vibaya, hii ni halali na hii si halali, na tuyaseme yote mawili kwa sauti moja ya huruma. Mwenyezi Mungu aifanye mikono ya watoto wetu kuwa ya manufaa kwao na kwa umma, na atupe sisi wazazi macho ya kuona kabla ya ndimi za kuhukumu. Amin.

Wallahu aalam.